Tutembee kwa Mwendo wa Watoto



Somo letu: Mwanzo 33:12-14.

Yakobo alikuwa anarudi kwao baada ya miaka 20 ugenini. Esau alipotaka waongozane, Yakobo alikataa kwa upole. Alisema watoto bado ni wadogo na mifugo inanyonyesha. Mifugo ikikimbizwa hata siku moja, itakufa. Akachagua kwenda polepole, kwa kadiri ya nguvu za watoto. Yakobo hakupungukiwa imani. Aliwahurumia walio dhaifu.

Sisi wakimbizi wa Nakivale nasi tuko safarini. Tulipokimbia Kongo tulizika wengi, na wengine hatukupata hata nafasi ya kuwazika. Ndiyo maana tunasikia nyumbani mwetu: "Tuzae, tujaze nafasi za waliokufa." Maumivu hayo tunayajua. Lakini tusiwalilie wafu kwa kuwahatarisha walio hai. Mama anayebeba mimba huku mgongoni ana mtoto ambaye bado hajatembea, anakimbizwa kupita nguvu zake.

Wengine huuliza: Je, kupanga uzazi si kumpinga Mungu? Katika Mwanzo 1:28 Mungu aliagiza watu wazaane. Katika 2:15 akampa mwanadamu kazi ya kutunza. Maagizo haya mawili hayapigani. Mkulima huomba mvua, lakini hapandi mahindi juu ya mahindi ambayo hayajabeba.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua, ndipo abebe mimba nyingine. Njia ni nyingi: vidonge vya kila siku, sindano ya miezi 3, vijiti vya mkononi vya miaka kadhaa, na kondomu, ambayo pia inakinga UKIMWI. Kunyonyesha nako kunakinga, ikiwa mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku, na mama hajaona siku zake. Wanaosema sindano inaua kizazi wanakosea: mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya kuiacha, lakini uzazi hurudi. Mhudumu wa afya atawasaidia kuchagua inayofaa mwili wa mama.

Akina baba, neno hili ni lenu pia. Wako wamama wanaokwenda kliniki kwa kificho, wakiogopa kipigo. Hiyo ni aibu katika nyumba ya waamini. 1 Wakorintho 7:4 inafundisha kwamba mume na mke kila mmoja ana haki juu ya mwili wa mwenzake. Basi hakuna wa kuamua peke yake. Wala mama mkwe, wala jirani, wala sisi wachungaji hatuna ruhusa ya kumlazimisha mtu azae au asizae. Na dada ambaye hajapata mtoto, tusimhesabie miezi. Tumpende.

Juma hili, watoto wakishalala, mume na mke wakae pamoja waulizane: Je, mama amepona? Mdogo wetu amepata nguvu? Tulio nao wanakula na kusoma? Kisha waombe, na waende kliniki wote wawili.

Bwana aliyemfikisha Yakobo salama atufikishe na sisi, pamoja na watoto wetu wote. Amina.

Wachungaji wenu