Mshale Kwanza

Ati kuna dini isiyo na Mungu? Hapa Mandera, nikitaja Ubuddha, swali huwa ni hilo. Kweli, mafundisho ya Buddha hayamtegemei Mungu muumba. Alipobanwa aseme kama ulimwengu una mwisho, alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu. Akikataa kutibiwa mpaka ajue ukoo wa aliyempiga, atakufa bado anauliza.

Sisi mshale huo tunaujua. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka hapa kwenda Nairobi waliuawa. Walioshindwa kutamka shahada ndio waliolengwa. Swali la imani lilitangulia, roho ya mtu ikafuata.

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, Waislamu ndani ya basi lingine walikataa kutenganishwa na Wakristo: wauawe wote au waachwe wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Kuna watakaosema basi imani haina kazi, utu unatosha. Sikubali. Salah alikuwa Mwislamu, na hakuiacha dini yake nje ya basi. Lakini waliompiga nao walidai wanamtumikia Mungu. Kwa hiyo kusema “naamini” pekee hakujatuambia lolote kuhusu mtu.

Mimi namwamini Mungu, na Buddha hajanitoa huko. Nimechukua kwake utaratibu tu: ng'oa mshale kwanza. Mjadala wa Mungu tutauendeleza jioni, kwa chai, majeruhi akiwa hai na yeye achangie.