Je, Akili Yaweza Kuthibitisha Kwamba Mungu Yuko?

Katika mafundisho ya ubatizo kijana mmoja alituuliza, "Mchungaji, waweza kutuonyesha kwa akili tu ya kuwa Mungu yuko?" Swali hili si la kudharauliwa, wala si geni.

Yapata mwaka 1077, katika nyumba ya watawa ya Bec, nchi ya Ufaransa, Anselm alilitafakari sana. Alinena hivi: Tukimtaja Mungu, twamtaja yeye ambaye hawezi kuwazwa aliye mkuu kuliko yeye. Hata mpumbavu wa Zaburi ya 14 huyafahamu maneno hayo. Basi, kama Mungu yumo katika mawazo tu, twaweza kuwaza aliye mkuu zaidi, yaani aliyeko kweli. Kwa hiyo Mungu hana budi kuwako. Mwaka 1641 Descartes naye alisema kwamba aliye mkamilifu hawezi kupungukiwa na kuwako.

Lakini mtawa mwingine, Gaunilo, alimjibu Anselm: Mtu aweza kuwaza kisiwa kizuri kupita vyote, wala kisiwa hicho hakitatokea baharini kwa sababu amekiwaza. Anselm akasema kwamba neno lake halihusu visiwa, ila yeye mmoja tu asiyeweza kuwazwa kuwa hayuko. Tena mwaka 1781 Kant wa Ujerumani alionyesha kwamba fedha mia za mawazoni na fedha mia za mfukoni ni hesabu ile ile. Kuwako si sifa ya kuongezwa katika wazo.

Nasi twaona ya kuwa Kant amenena sawa. Tungaliweza kumnyamazisha kijana yule kwa maneno ya Anselm, kwa maana hakuwa na jibu la kuyapinga. Walakini aliyenyamazishwa siye aliyesadiki. Na Anselm mwenyewe aliyaandika hayo katika sala. Aliamini kwanza, ndipo akatafuta kufahamu.

Hata hivyo hoja yake yatufaa, maana yatuhukumu sisi tuaminio. Mara nyingi twamwomba Mungu kana kwamba ni mzee wa ukoo wetu, wa kututeteea mashamba yetu na kuwaaibisha adui zetu. Huyo twaweza kumwaza aliye mkuu kuliko yeye; basi huyo siye Mungu.

Tulimwambia kijana, "Hatuna hoja ya kukulazimisha. Njoo tuombe na kusoma pamoja, wala usiache kuuliza." Angali akija.