Haki ya Kukataa Uji

Ukimuuliza mzee anayeishi kwenye makazi ya wazee kama anatunzwa vizuri, atakujibu kwamba anatunzwa vizuri. Atamshukuru Mungu, ataishukuru serikali, na wewe uliyekuja na kalamu atakushukuru. Nilizisikia shukrani hizo wiki nzima wakati wa mafunzo ya vitendo ya shahada yangu ya uzamili, katika kituo kimoja cha Kanda ya Ziwa ambacho sitakitaja. Nilikuwa na dodoso lenye kipimo cha moja hadi tano. Moja ni "sijaridhika kabisa", tano ni "nimeridhika sana". Karibu kila mzee alinipa tano. Bibi mmoja alinipa tano ya chakula saa kumi jioni, na sahani yake ya ugali wa mchana ilikuwa bado iko palepale kando ya kitanda, haijaguswa.

Kwenye jedwali, tano yake inaonekana sawa na tano nyingine yoyote. Ndipo nikaanza kujiuliza shukrani ni ushahidi wa nini.

Sehemu moja ni malezi. Kwetu, mtu mzima hamlalamikii mgeni kuhusu chakula, na mimi nilikuwa mgeni, tena mgeni mdogo niliyeanza kwa shikamoo. Lakini adabu haimalizi maelezo. Mtu anayekula, kuoga na kulala kwa mkono wa mwenzake hujifunza upesi kwamba manung'uniko yana gharama. Wewe utaondoka na karatasi zako. Yeye atabaki na mhudumu. Mchumi Amartya Sen aliliona jambo hili miaka ya themanini alipokuwa akiandika kuhusu umaskini: mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hupunguza anachokitamani hadi kilingane na anachopewa, kisha akiulizwa husema ameridhika. Hadanganyi, ameridhika kweli. Ndiyo maana kuridhika kwake hakuwezi kuwa kipimo cha wema wa anayemtunza.

Wataalamu wa ubora wa huduma wanalijua tatizo hili, ndiyo maana hawategemei dodoso peke yake. Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, alipendekeza tuangalie mambo matatu: muundo, mchakato na matokeo. Kuna vitanda vingapi, wahudumu wangapi, choo kina pa kushika? Asiyeweza kujigeuza, nani anamgeuza, na mara ngapi? Mwisho wa yote, wazee wanapungua uzito, wanaanguka, wana vidonda vya kulalia? Naupenda mpango huu, hasa lile la vidonda. Kidonda hakina adabu. Hakimshukuru mtu, hakiogopi mhudumu, na ukifunua shuka unakiona.

Ila kuna wa kufunua shuka na kuna wa kujaza fomu. Marekani ilianza mwaka 2008 kuzipa nyumba za kutunzia wazee nyota, moja hadi tano, ili familia zichague kwa urahisi. Sehemu kubwa ya nyota hizo ilitokana na takwimu ambazo nyumba zenyewe zilizijaza. Gazeti la New York Times lilichunguza mwaka 2014, na tena mwaka 2021, likakuta nyumba zenye nyota nyingi ambamo wazee walikuwa wakiteseka. Kumbe hata penye fedha na sheria, tano inaweza kuwa tano ya karatasi.

Kwetu ugumu unaanza kabla ya fomu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo msingi wa matunzo, na makazi ya wazee ni hatua ya mwisho. Watu wengi tunaamini hivyo hata bila kuisoma. Ukitaja Bukumbi kule Misungwi, au Kolandoto ya Shinyanga, anayekusikiliza haulizi wanakula nini. Anauliza, "Kwani hana watoto?" Tukishaamua kwamba mahali fulani ni pa waliotupwa, chochote kinachofanyika pale kinapimwa kwa neno moja: angalau. Angalau ana pa kulala. Angalau anakula. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunakwenda na fulana zetu, mchele na miche ya sabuni, tunapiga picha, tunarudi mjini. Sidharau sabuni, sabuni inahitajika. Nasema tu kwamba "angalau" haijawahi kumwuliza mzee swali la pili.

Swali la pili, kwa maoni yangu, ni hili: anaweza kukataa nini?

Anaweza kuukataa uji wa saa moja asubuhi, akapata chai saa tatu? Anaweza kusema hataki kuogeshwa na kijana wa umri wa mjukuu wake, akangojeshewa mwingine? Anaweza kukataa kuombewa na kikundi cha dini isiyo yake? Na akishakataa, kinafuata nini: ananuniwa, anacheleweshewa dawa, anaitwa mkorofi mbele ya wenzake? Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haitufundishi kitu. Hapana yake ikipokelewa bila adhabu, hapo ndipo ndiyo yake inaanza kuwa na uzito, na hata ile tano ninaweza kuiamini.

Pale kituoni walikuja wageni wenye msaada, ikafika zamu ya picha ya pamoja. Babu mmoja, mvuvi wa zamani, akageuza uso. Mgeni akambembeleza. Babu akanyamaza tu. Mhudumu, mama wa makamo aliyekuwa ameshika ndoo, akasema, "Babu leo hataki," akakisukuma kiti mwendo hadi chini ya mwembe, akarudi kwenye kazi yake. Hakutoa hotuba wala hakuomba radhi. Katika dodoso langu lote hapakuwa na kisanduku cha kuandika alichokifanya mama yule, nami naona lilikuwa tendo bora kuliko mengi niliyoyahesabu wiki ile.

Najua pingamizi. Wapo wazee ambao kumbukumbu zimewatoka. Wanakataa dawa ya presha kwa sababu wanadhani ni sumu. Tuwaache? Hapana. Sisemi kila kukataa kutiiwe. Nasema kusivukwe bure. Mtu akae chini, aulize, angoje, ajaribu tena baadaye, amwite yule anayeaminiwa. Haya yote yanataka muda, na muda ni idadi ya wahudumu. Mwenye wazee ishirini asubuhi moja hawezi kuisikia hapana ya hata mmoja, awe na moyo mzuri kiasi gani. Donabedian, karibu na kufa kwake mwaka 2000, alisema katika mahojiano kwamba siri ya ubora mwishowe ni upendo. Namheshimu, lakini hapo simfuati. Upendo nimeuona ukiwa mwingi kabisa mahali ambapo mzee hana haki ya kukataa chochote.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee zaidi ya milioni 2.5 nchini, na makazi ya serikali hayafiki ishirini. Kwa hiyo "nyumba ya wazee" ya Tanzania hasa ni chumba cha nyuma katika nyumba ya mtoto. Ziko nyingi hapa Kiseke ninapoishi. Mtaa wenyewe una historia ya kuchekesha kidogo: kondakta wa daladala akiita "Kiseke PPF", anautaja mfuko wa pensheni uliojenga nyumba hapa, mfuko ambao mwaka 2018 uliunganishwa na mingine ukawa PSSSF. Fedha za uzee wa watu zikawa matofali. Nyuma ya mageti ya mtaa huu wamo bibi na babu walioletwa kutoka Magu, Sengerema, Kwimba, ambao wengi wao hawajawahi kuwa na pensheni ya mfuko wowote. Hakuna anayekuja kuwapima. Nani atabisha hodi kwa mtu amuulize anamtunzaje mama yake?

Bibi yangu ni mmoja wao. Anaishi kwa baba mdogo, mitaa miwili kutoka ninapopanga. Ukileta vipimo vya Donabedian atapata alama zote: kitanda kizuri, chandarua, sato mara mbili kwa wiki, dawa ya presha kwa saa, hana kidonda hata kimoja. Ufunguo wa geti anakaa nao dada wa kazi. Kila nikienda ananiuliza, "Mume wangu, unanipeleka lini Kwimba?" Kwa nje ni utani wa bibi na mjukuu, ila swali lenyewe si utani. Anataka kuona mvua ikinyeshea shamba lake la viazi. Anajibiwa kwa upole, kila mara, "Mama, huko nani atakupikia?" Na mazungumzo yanaishia hapo.

Nilimwambia baba mdogo kwamba mama yake hana sauti nyumbani kwake. Alikaa kimya, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Alipokuwa mtoto, bibi wa jirani yao aliuawa kwa mapanga usiku. Macho yake yalikuwa mekundu, basi. Kila aliyekulia Usukumani anajua habari hizi: wanawake waliopika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, moshi ukawaharibu macho, na macho hayo yakageuzwa ushahidi wa uchawi. "Macho ya mama umeyaona yalivyo?" akaniuliza. Nimeyaona.

Sikuwa na jibu, na bado sina lililo kamili. Hofu yake ina sababu. Lakini bibi naye anaijua hofu hiyo kuliko sisi wote, ameishi ndani yake, na hakuna aliyemuuliza anaipimaje. Tumemwamulia kwa niaba yake tukiwa tunampenda, na ni shida kubishana na mtu anayekupenda huku akikulisha.

Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyefika miaka 70 alianza kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Zilikuwa fedha kidogo. Lakini mwenye elfu ishirini yake anaweza kumtuma mtoto dukani, anaweza kupanda daladala, anaweza kukataa uji akanunua chapati. Bibi wa Kiseke hana hata ya kwake ya chapati. Ana ya kuomba.

Kwa sasa tumekubaliana jambo moja. Ufunguo wa pili wa geti umechongwa, na anao yeye, ameufunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi huenda kukaa kwenye genge la mama anayeuza michembe na matobolwa, wanaongea Kisukuma hadi jua likali. Siku ya kwanza dada wa kazi alinipigia simu analia, akidhani amempoteza. Suala la Kwimba halijaamuliwa. Baba mdogo anasema tungoje, na bibi anasema viazi havingoji.