Maneno Tunayomtilia Adui Kinywani

Mwaka jana nilipoanza kujifunza Kijerumani, niligundua kwamba tayari nilikuwa na maneno kadhaa ya lugha hiyo kichwani: Achtung, Halt, Schnell, Jawohl, Hände hoch. Yote niliyapata kwenye filamu za vita, na yote niliyajua kwa sauti moja tu, ya kufoka. Mwalimu alipotamka schnell kwa sauti ya kawaida, akieleza tu kwamba treni inakwenda kasi, darasa zima lilicheka.

Makosa ya filamu hizo kuhusu Kijerumani ni mengi, na mengine ni madogo. Katika jeshi la kawaida askari alimwita mkubwa wake kwa kutanguliza Herr kabla ya cheo. Katika SS neno hilo halikutumika, waliitana kwa cheo kitupu. Filamu nyingi huchanganya mambo hayo. Vitabu vya katuni vya Kiingereza vilieneza tusi Schweinhund, ilhali Mjerumani husema Schweinehund. Hayo nawaachia wanaopenda kusahihisha. Swali langu ni jingine: je, ni kosa la kimaadili kumtilia mtu kinywani lugha isiyo yake, ikiwa mtu huyo kweli alitenda maovu? Mwenzangu wa chumbani alinijibu kwa kifupi: "Ndugu yangu, ni Manazi wale. Waache wabweke."

Jibu hilo lilinitosha mpaka nilipotazama tena Saving Private Ryan ya Steven Spielberg (1998). Mapigano ya ufukwe wa Omaha yanapokaribia kwisha, wanaume wawili wenye sare za Kijerumani wanajitokeza wameinua mikono, wakisema maneno kwa haraka. Wamarekani wawili wanawapiga risasi, kisha mmoja anafanya mzaha kuhusu walichosema. Hakuna tafsiri chini ya picha. Mtazamaji anadhani amesikia Kijerumani. Kumbe ni Kicheki: wanaomba wasipigwe risasi, wanasema wao si Wajerumani na hawajaua mtu. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na watu wa mataifa mengine, baadhi yao wakiwa wamelazimishwa kuingia. Mimi nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara tatu, na mara zote tatu nilicheka pamoja na waliofyatua risasi. Nadhani Spielberg alitutega makusudi, lakini mtego ulinasa kwa sababu filamu nyingine zilikwisha kutuzoesha kwamba anachosema adui ni kelele tu.

Misimu ya askari wa Kijerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kweli, haibweki hata kidogo. Jiko lao la magurudumu waliliita Gulaschkanone, mzinga wa mchuzi. Polisi wa jeshi, waliovaa bamba la chuma lenye mnyororo shingoni, walikuwa Kettenhunde, mbwa wa mnyororo. Afisa aliyetamani mno nishani ya Ritterkreuz, ambayo huning'inia kooni, alisemwa kuwa anaumwa koo. Na nishani iliyotolewa kwa waliopigana Urusi katika baridi ya 1941 na 1942 waliibatiza nishani ya nyama iliyogandishwa. Mwanafunzi yeyote wa isimujamii atatambua hapa kile tunachokisikia bwenini na kwenye vituo vya mabasi: watu wa chini wakiwateta wakubwa, wakiicheka njaa yao wenyewe.

Hapo mwenzangu alinishika. "Unaona? Sasa umeanza kuwapenda." Ana hoja. Kuanzia 1957 hadi 2013 Ujerumani ilikuwa na jarida la hadithi za vita liitwalo Der Landser, jina la kimisimu la askari wa kawaida, na lililaumiwa kwa kuwatukuza askari hao na kunyamazia uhalifu. Maneno sahihi nayo yanaweza kutumika kuosha damu. Lakini katika baridi ile ile ya nyama iliyogandishwa, mateka wa Kisovieti walikuwa wakifa kwa njaa kwa maelfu mikononi mwa jeshi lile lile. Aliyetunga utani na aliyelinda kambi waliweza kuwa mtu mmoja. Tukimfanya mnyama anayebweka, tunampunguzia hatia, kwa kuwa mnyama hashtakiwi.

Tena, maneno yaliyoua watu wengi zaidi hayakupigiwa kelele. Tarehe 20 Januari 1942 maofisa 15 walikutana katika jumba moja la Wannsee, Berlin. Kumbukumbu za kikao hicho zinazungumzia Evakuierung, kuhamishwa kwa Wayahudi kuelekea mashariki. Katika hati nyingine kuua kuliitwa Sonderbehandlung, yaani kushughulikiwa kwa namna ya pekee. Kwa istilahi za darasa letu, hizo ni tafsida. Victor Klemperer, mtaalamu wa lugha mwenye asili ya Kiyahudi aliyenusurika mjini Dresden, aliyachunguza maneno ya utawala ule kwa siri na kuyatolea kitabu mwaka 1947. Kwetu Rwanda jambo hili halihitaji maelezo marefu: mwaka 1994 wauaji waliambiana waende gukora, kufanya kazi. Neno la kila asubuhi, lisilomshtua mpita njia. Mtu aliyefundishwa na filamu kumtambua mwovu kwa kufoka kwake angelisikia na kuendelea na safari.

Mwenzangu ameyakubali hayo ya tafsida. Ya mzinga wa mchuzi bado anayakataa.