Majina Mabaya Tunayowapa Vijana

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mcheni Allah katika watoto wenu. Leo nasema juu ya jeraha lisilotoka damu.

Kijana anashusha makala na ndizi za Idjwi hapa bandarini Kituku. Amevaa kofia yake. Mtu anampigia kelele: "ADF!" Wengine wanacheka. Kesho tena, na kesho kutwa. Mwishowe anaacha kofia nyumbani, kisha anaacha kazi, kisha usingizi unamwacha. Akiona watu wawili wananong'ona, moyo unamwenda mbio. Anaanza kuamini kwamba kweli ana ubaya ndani yake. Madaktari wanalijua jambo hili: kudharauliwa kila siku kwa sababu ya dini au kabila huleta huzuni na hofu isiyoondoka, na vijana huumia sana.

Wanaompa jina hilo wamesahau kwamba Shehe Ali Amini wa Beni, aliyehubiri dhidi ya wauaji hao, alipigwa risasi msikitini tarehe 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani, watu wakisali. Nasi tunazika wafu wetu.

Lakini msitazame nje tu. Tangu vita viingie Goma mwezi wa kwanza 2025, nani kati yetu hajasikia Mwislamu akimwambia kijana wa Kiislamu, "Pua yako si ya hapa, rudi kwenu"? Na anasema hivyo akiwa bado na udhu! Sura Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Abu Dharr, sahaba mkubwa, alimtukania mtu mama yake. Wanazuoni wengi wanasema mtu huyo ni Bilal. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Abu Dharr, na cheo chake chote!

Nami nina kosa langu. Kijana mmoja alinijia, hakuwa amelala siku nyingi. Nilimsomea, nikamwambia imani yake ni ndogo, asubiri. Sikumuuliza hata walimwita nani. Akaondoka kimya.

Dua siikatai, nitasoma mpaka nife. Lakini si kila asiyelala ana jini, na Mtume ametuamuru kutafuta dawa. Hapa Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha Mabruda wa Charité kinachotibu magonjwa ya akili. Baba usiseme, "Ni cha Wakristo." Mpeleke mwanao. Na kabla ya kumpeleka, kaa naye, mwache aseme mpaka amalize.

Kijana yule sijamwona tena katika safu. Anayejua anapolala anikute baada ya sala, tuende pamoja.

Wabillahi taufiq.