Je, Alama za Masomo Tofauti Zinajumlishika?

Aristotle, katika Metafizikia, alishikilia kwamba kipimo sharti kiwe cha jinsi moja na kinachopimwa, yaani urefu hupimwa kwa urefu na uzito kwa uzito. Sharti hilo, ambalo muuza mchele hulitii pasipo kulifikiria, huwa gumu katika Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambapo ujuzi wa Hisabati, Biolojia, Jiografia na Kiswahili huishia kuwa tarakimu moja iitwayo daraja.

Kwanza alama za kila somo hugeuzwa kuwa gredi, kuanzia A (75 hadi 100) mpaka F (chini ya 30). Kisha kila gredi hupewa pointi, A ikiwa 1 na F ikiwa 5, na pointi za masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi hujumlishwa. Mwanafunzi mwenye 44 katika masomo yote saba hupata D saba, yaani pointi 28, akaangukia Daraja la Nne; mwenzake mwenye 45 kila somo hupata pointi 21 na kuingia Daraja la Pili, ambamo hukaa sawa na aliyepata 64 kila somo. Alama moja kwa kila somo imevusha madaraja mawili, ilhali alama 19 hazikusogeza chochote.

Mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, alitenganisha mwaka 1946 vipimo vya mpangilio, vinavyoonyesha nani ametangulia bila kueleza kwa umbali gani, na vile vyenye hatua zilizo sawa. Gredi ni za aina ya kwanza, na kuzijumlisha ni kudai umbali usiojulikana. Alama zenyewe nazo hazisalimiki: Biolojia hutahiniwa kwa Kiingereza, hivyo anayeelewa vyema jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, lakini akashindwa kukiandika anachokijua, huadhibiwa kwa upungufu uleule uliokwisha kumpunguzia alama katika somo la Kiingereza.

Hata hivyo Aristotle huyohuyo alikubali, alipojadili haki, kwamba fedha hulinganisha nyumba na viatu kwa kadiri ya mahitaji ya watu, ingawa kwa asili haviwiani. Daraja laweza kutetewa kwa njia hiyo, kama chombo cha kugawa nafasi chache. Lakini basi idadi ya masomo saba na uzito sawa wa kila somo ni maamuzi ya haki, yanayodai hoja kutoka kwa walioyafanya, wala si matokeo ya upimaji.