Mara Saba Katika Yordani: Neno Juu ya Presha, Sukari na Uzito wa Mwili



  Tunamshukuru Mungu aliyetulinda njiani, na anayetulinda hata sasa.

Mwezi huu tumeona vema tuseme nanyi juu ya presha na ugonjwa wa sukari. Tulipokimbia vita tulijua adui aliyetufukuza, kwa sababu tulisikia sauti ya bunduki. Adui huyu hana sauti. Anaingia nyumbani polepole, anakaa mwilini miaka mingi, na siku moja mama anaanguka jikoni, mkono na mguu wa upande mmoja haviinuki tena. Katika matanga tunasikia watu wakisema, "Jana alikuwa mzima." Mara nyingi hakuwa mzima. Alikuwa hajapimwa.

Somo letu linatoka 2 Wafalme 5:1-14. Tunawaomba mfungue Biblia zenu na kulisoma lote nyumbani.

1. Neno la uzima lilitoka kwa mtoto aliyehamishwa kwa nguvu

Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa, lakini alikuwa na ukoma. Nyumbani mwake alikuwamo msichana mdogo wa Israeli. Vikosi vilivamia nchi yake, vikamteka, vikampeleka ugenini. Hata jina lake hatuambiwi. Lakini ni yeye aliyemwambia bibi yake kwamba yuko nabii Samaria awezaye kumponya bwana wake.

Wapendwa, tusifikiri kwamba mtu aliyepoteza nchi amepoteza na kazi ya Mungu. Binti yule hakuwa na shamba, hakuwa na karatasi, hakuwa na wazazi karibu. Alikuwa na neno moja la kusaidia, akalisema. Sisi nasi, tukimwona jirani anachoka, anasikia kiu mchana na usiku, anakojoa mara nyingi, au anapungua mwili bila sababu, tusikae tukinong'ona kwamba ana UKIMWI au amerogwa. Tumwambie kwa upendo: ndugu, kuna kituo cha afya, nenda ukapime sukari, nasi tutakusindikiza.

2. Naamani alitaka jambo kubwa

Naamani alikwenda na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Alitazamia nabii atoke, asimame mbele yake, aliitie jina la Mungu wake na kupitisha mkono juu ya ugonjwa. Elisha hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mjumbe tu: aende Yordani, akaoge mara saba. Naamani akakasirika. Kwao kulikuwa na mito mizuri kuliko ule.

Ndipo watumishi wake wakamwuliza kwa heshima: kama nabii angalikuagiza jambo gumu, je, usingalilifanya? Basi kwa nini hili jepesi likushinde?

Na sisi tuko hivyo. Tukiambiwa kuna mhubiri mgeni anayeombea wagonjwa, tutatembea hata siku nzima. Tukiambiwa tupunguze chumvi, tunacheka. Tukiambiwa tutembee nusu saa kila siku, tunasema hiyo si dawa. Lakini Mungu aliyeponya kwa neno lake ndiye aliyemwagiza Naamani aingie majini. Kutii jambo dogo kwa imani si upungufu wa imani.

Tena angalieni: alijichovya mara saba. Maandiko hayasemi kwamba mara ya tatu ngozi ilianza kubadilika. Tunaambiwa tu kwamba alipomaliza, mwili wake ulirudi kuwa kama wa mtoto. Wengi wetu tunajichovya mara mbili, kisha tunasema maji haya hayafai. Mabadiliko ya mwili yanaonekana baada ya miezi, na ya kwetu hayaishii mara saba. Ni mwendo wa maisha yote.

3. Tupime kwanza

Ukoma wa Naamani ulionekana kwa macho. Presha haionekani, na mara nyingi haiumi. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi sina presha kwa sababu kichwa hakiniumi." Kaa umetulia dakika tano, ndipo upimwe. Kipimo kikifika 140 juu au 90 chini, au kupita hapo, na kikirudia hivyo siku nyingine, mganga atasema una presha. Sukari ikipimwa asubuhi kabla ya kula, ikifika 7.0, au 126 kwa mashine za hesabu nyingine, na ikirudia hivyo, huo ni ugonjwa wa sukari.

Kipimo kingine mtu aweza kujifanyia nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha futi tumboni, juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Mwanamke akifika sentimita 80, na mwanaume akifika 94, ajue mafuta ya tumbo yameanza kuwa hatari kwa moyo na sukari.

Kwetu nyumbani tulizoea kusema kwamba mtu mnene amebarikiwa na kwamba mume wake anamtunza. Baada ya njaa ya safari, tunaelewa kwa nini mwili mkubwa unatufurahisha. Lakini baraka ya Mungu haipimwi kwa tumbo. Danieli na wenzake watatu, nao vijana waliohamishwa kwenda Babeli, walikula mboga na kunywa maji siku 10, na nyuso zao zikaonekana nzuri kuliko za wale waliokula chakula cha mfalme (Danieli 1).

4. Yordani yetu ni ipi?

Mwaka 2002 waganga wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, lakini walikuwa hawajaugua. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri, kutembea dakika 150 kwa juma, na kupunguza uzito kwa sehemu 7 katika kila 100. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 6 hivi. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, waliopata ugonjwa wa sukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58, kuliko wale ambao hawakupewa mafundisho hayo wala dawa. Kundi lingine lilipewa vidonge tu. Kwao ugonjwa ulipungua kwa asilimia 31. Kilo sita si jambo la ajabu, lakini zilishinda vidonge. Na kwa presha, kila kilo moja inayopungua hushusha kipimo cha juu kwa karibu namba moja.

Basi tufanye nini hapa kambini, tukiwa na vichache?

Chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika samaki wakavu na viungo vya dukani vya kukolezea mchuzi. Samaki wa chumvi wanalowekwa, na maji yale yanamwagwa. Chumvi isiwekwe mezani.

Mafuta. Mafuta yana nguvu zaidi ya maradufu ya unga kwa uzito ule ule. Sombe haihitaji kuelea katika mawese. Tupime kwa kijiko, tusimimine kutoka kwenye chupa.

Sukari. Soda moja ya chupa ndogo ina sukari ya vijiko 7 au 8. Chai ya vijiko vinne asubuhi na vinne jioni ni vilevile. Tupunguze kijiko kimoja kila juma; ulimi utazoea.

Sahani. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, matembele, kabichi, nyanya. Robo iwe ugali au ndizi, na robo maharage au dagaa. Lengalenga inaota hata kwenye gunia la udongo mbele ya nyumba.

Mwendo. Mama anayelima na kubeba maji kila siku hana haja ya kuambiwa atembee. Neno hili ni la sisi tunaokaa: wenye maduka, mafundi wa kushona, madereva wa boda boda, wazee, na sisi wachungaji tunaokaa vikaoni. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa juma, inatosha kuanza.

Pombe na tumbaku. Hapa hatuna maneno mengi. Tumbaku inaharibu mishipa ya damu, na pombe inapandisha presha na kuongeza uzito.

5. Kwa wale ambao chakula hakitoshi

Tunajua wako wasomaji wanaouliza: mnatuambia tupungue, nasi tunalala njaa? Ni swali la haki. Msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda umepunguzwa mara nyingi tangu mwaka 2020, na mwaka 2025 watu wengi sana waliondolewa kabisa katika mgao. Hatusemi kwamba kila mtu apungue. Mtoto, mama mjamzito, mama anayenyonyesha, mzee aliyekonda, na mgonjwa wa kifua kikuu wasipunguziwe chakula hata kidogo. Katika nyumba moja anaweza kuwamo mtoto mwenye utapiamlo na bibi mwenye presha. Bibi apunguze chumvi na mafuta. Mtoto aongezewe maharage na mafuta. Tunapokula ugali mtupu siku nyingi, tumbo linaweza kuongezeka huku damu ikipungukiwa. Umaskini nao unanenepesha, kwa sababu unga na sukari vinashibisha kwa bei ndogo. Kwa hiyo asiwepo anayemhukumu ndugu yake kwa mwili wake.

6. Maombi na vidonge

Wako wanaoacha vidonge vya presha baada ya kuombewa, kwa kuwa wanasikia nafuu. Wapendwa, tunawaombea, na tutaendelea kuwaombea. Lakini nafuu ya presha haijulikani kwa kusikia. Inajulikana kwa kupimwa. Bwana wetu alisema kwamba wenye kuhitaji mganga ni wagonjwa (Mathayo 9:12), na Luka rafiki wa Paulo alikuwa mganga (Wakolosai 4:14). Kama Mungu amekuponya, mashine itashuhudia, na mganga mwenyewe atakupunguzia dawa. Mpaka siku hiyo, meza dawa yako kwa shukrani.

Vivyo hivyo katika kufunga. Mwenye ugonjwa wa sukari, hasa anayejidunga insulini, asiingie katika mfungo kabla ya kuzungumza na mganga. Sukari yaweza kushuka ghafula, akapoteza fahamu. Ndugu huyo na afunge kitu kingine: maneno, simu, au soda. Mungu anaona moyo.

Wengine wanasema presha yao ni ya mawazo. Ni kweli, mawazo yanalemea mwili. Eliya alipochoka hata kuomba afe, alilala usingizi, malaika akampa mkate na maji, kisha safari (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea kwa kuwa amechoka. Kwa hiyo mlete Bwana mawazo yako, utafute usingizi, uongee na ndugu unayemwamini. Lakini usiache kupimwa kwa sababu ya mawazo.

7. Naamani hakwenda Yordani peke yake

Kama Naamani angekuwa peke yake, angerudi Shamu na ukoma wake. Watumishi walimfuata, wakamsihi. Hiyo ndiyo kazi ya kanisa. Tunapendekeza kwa kila kikundi cha akina mama, akina baba na vijana:

Watu wawili wawili wakumbushane vidonge na mwendo.
Baada ya ibada, maji ya kunywa yawekwe pamoja na chai, na sukari iwe pembeni, kila mtu ajitilie.
Wahudumu wa afya wa kijiji waalikwe kufundisha na kupima.
Anayepungua kwa kujitunza asichekwe wala kusemwa, bali atiwe moyo.

Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba miili yetu ni makao ya Roho Mtakatifu, wala si mali yetu (1 Wakorintho 6:19-20). Tulipoteza nyumba, mashamba na ng'ombe. Mwili huu tuliuvusha mpaka. Ndio tunaolelea nao watoto, ndio tunaomsifu nao Mungu, na siku Mungu atakapofungua njia ya kurudi nyumbani, ni kwa miguu hii tutarudi. Tuutunze.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemrehemu Naamani mgeni, uturehemu na sisi wageni. Utupe moyo wa kutii mambo madogo. Uwaguse wagonjwa wetu, uwape hekima waganga wetu, na kila nyumba uipe chakula cha leo. Katika jina la Yesu, Amina.

Bwana awabariki na kuwalinda nyote.